Chuma Kisichotoka Mwilini: Hesabu ya Damu Aliyotiwa Mtoto

Katika wilaya ya Kilosa, kuanzia mashamba ya mkonge ya Kimamba hadi mji mdogo wa Mikumi ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, maneno mawili "hana damu" hutosha kuwa jina la ugonjwa na agizo la tiba kwa pamoja. Mtoto aliyepauka viganja na kope za ndani, anayetweta akirudi kisimani, huambiwa hana damu. Na asiye na damu hutafutiwa vya kuongeza damu. Nyumbani hupewa mchicha, kisamvu, maini ya ng'ombe na maji mekundu ya rozela. Zahanati humpa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo kwa lugha ya kemia ni chumvi ya chuma. Hali ikizidi kuwa mbaya hupelekwa hospitali, akatiwa damu ya mtu mwingine.

Kwa watoto walio wengi mfuatano huo hauna kosa. Minyoo ya safura hunyonya damu matumboni, malaria huvunja chembe nyekundu, na ugali kwa mboga pekee hauleti chuma cha kutosha. Lakini katika umati huo wa watoto waliopauka wamo ambao damu yao haikupungua kwa kukosa chuma. Hao wamerithi kasoro katika himoglobini yenyewe, yaani ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kila chupa ya damu wanayotiwa huwaokoa leo, na huacha nyuma yake mzigo wa chuma ambao mwili hauna njia ya kuutoa. Rai inayotolewa hapa ni kwamba mahali ambapo dawa za kuondoa chuma hazipatikani kwa urahisi, jambo la kwanza ni kuhesabu chuma kinachoingizwa. Na kwamba hesabu hiyo yaweza kuanzwa Kilosa na Mikumi bila kungoja mtambo wowote.

Yafaa majina yawekwe wazi kwanza. Mwaka 1925 daktari wa watoto wa Detroit, Marekani, aitwaye Thomas Cooley, alieleza habari za watoto waliopungukiwa sana na damu, wenye wengu uliovimba na mifupa ya uso iliyotanuka. Walikuwa wa familia zilizotoka Italia na Ugiriki, na baadaye ugonjwa wao ukaitwa thalasemia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya bahari. Himoglobini ya kawaida hujengwa kwa minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta. Katika thalasemia mwili hauundi mnyororo mmojawapo kwa kiasi kinachotakiwa. Mtoto akirithi upungufu mkubwa wa mnyororo wa beta kwa baba na kwa mama pia, huanza kupauka kabla ya kutimiza miaka miwili, na hawezi kukua bila kutiwa damu kila baada ya wiki chache, maisha yake yote.

Thalasemia kubwa ya namna hiyo ni nadra Tanzania. Aghalabu huonekana katika familia zenye asili ya Bara Hindi, Uarabuni au nchi za Mediterania. Ile ya alfa, katika sura yake nyepesi, imeenea sana pwani ya Afrika Mashariki. Huko Kilifi, Kenya, karibu nusu ya watu wamepungukiwa na jeni moja ya alfa kati ya nne, na wengi wao hawatajua kamwe, kwa kuwa haiwaumizi. Kinachojaza wodi za watoto Tanzania ni kasoro nyingine ya himoglobini hiyo hiyo, yaani selimundu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka, idadi inayoiweka Tanzania miongoni mwa nchi chache zinazoongoza duniani. Kwa hiyo anayetaka kujua habari za chuma kilichozidi katika mwili wa mtoto wa Kitanzania, hana budi kuanza na selimundu, akimkumbuka pia yule mtoto mmoja mmoja mwenye thalasemia kubwa, ambaye hali yake ni mbaya zaidi.

Sababu ya magonjwa haya kuwa mahali yalipo inajulikana. Mwaka 1949 J. B. S. Haldane alikwisha kuandika kwamba huenda thalasemia inadumu katika nchi za malaria kwa kuwa wenye jeni moja tu ya kasoro huikabili malaria vizuri zaidi. Mwaka huo huo Anthony Allison, aliyekulia Kenya na wakati huo akisomea udaktari Oxford, alipima damu za watu mbalimbali wa Kenya, akaona jeni ya selimundu imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni haba katika nyanda za juu kwenye baridi. Mwaka 1954 akatoa ushahidi kwamba wenye jeni moja ya selimundu hukingwa na malaria. Bonde la Mkondoa pale Kilosa, pamoja na mashamba ya miwa na mpunga yaliyo kusini ya Mikumi, ni nchi ya mbu tangu zamani; basi si ajabu jeni hizo kuwamo.

Mwalimu wa biolojia aweza kuionyesha darasani hesabu yake. Tuseme katika kijiji fulani mtu 1 kati ya 6 ana jeni moja ya selimundu. Uwezekano wa mume na mke wote wawili kuwa nayo ni 1 kati ya 36, na kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzirithi jeni zote mbili. Hivyo katika kijiji hicho huzaliwa mtoto 1 mgonjwa katika kila watoto 144. Shule yenye wanafunzi 1,000 ingepaswa kuwa na takribani 7. Ikiwa mwalimu mkuu hamjui hata mmoja, ama hawatambuliwi, ama hawakufika umri wa kwenda shule.

Sasa chuma. Gramu moja ya himoglobini ina miligramu 3.4 za chuma. Mtu mzima mwenye afya anayetoa damu huwa na gramu 13 hivi za himoglobini katika kila mililita 100. Mtoto wa kilo 20 aliyepungukiwa sana hutiwa mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo, yaani mililita 400. Hizo zina gramu 52 za himoglobini, na gramu 52 zikizidishwa kwa 3.4 zatoa miligramu 177 za chuma. Ili kuelewa ukubwa wa tarakimu hiyo yafaa kukumbuka kwamba mtu mzima hupoteza miligramu 1 tu ya chuma kwa siku, katika ngozi inayobambuka na katika chembe za utumbo. Mtoto hupoteza pungufu ya hapo. Kwa maneno mengine, damu iliyotiwa katika saa nne humpa mtoto chuma ambacho hata mtu mzima angehitaji karibu nusu mwaka kukitoa. Mwili mzima wa mtoto wa kilo 20 kwa kawaida hauna chuma kinachofikia gramu moja. Akitiwa damu mara tano, kilichoongezwa hukaribia kulingana na chote alichopaswa kuwa nacho.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwili wa binadamu, ambao una figo za kutoa chumvi na ini la kutoa sumu, hauna kiungo cha kutoa chuma. Hudhibiti mlango wa kuingilia tu. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini, iliyogunduliwa karibu na mwaka 2000, ambayo hufunga njia ya chuma katika utumbo pindi ghala linapojaa. Lakini damu itiwayo mshipani haipiti utumboni, na mlinzi huyo haionekani kwake. Chembe za mgeni zikizeeka huvunjwa katika wengu na ini, na chuma chake hubaki humo. Katika thalasemia kuna balaa la pili: uboho unaohangaika kuunda chembe zisizokamilika huinyamazisha hepsidini, na utumbo huendelea kufyonza chuma kana kwamba mwili una njaa nacho. Mtoto wa namna hiyo hujaa chuma hata kama ametiwa damu mara chache.

Chuma kilichofungwa ndani ya protini hakina madhara. Kilichozidi uwezo wa protini hizo ndicho kibaya, kwa kuwa hukutana na haidrojeni peroksaidi inayotokea ndani ya seli na kuzaa chembe kali za oksijeni zinazounguza utando wa seli. Mwanafunzi aliyeona msumari ukila kutu anajua kwamba chuma na oksijeni haviachani kwa amani. Viungo vinavyoumia kwanza ni ini, tezi na moyo. Ini hupata makovu. Tezi zikidhurika, kijana hubaki na umbo la mtoto wakati wenzake wanavunja ungo au kubalehe; kongosho likidhurika huja kisukari. Moyo huchelewa, kisha hushindwa kwa ghafula. Kabla ya kuwapo dawa za kuondoa chuma, watoto wa thalasemia kubwa waliokuwa wakitiwa damu kwa utaratibu katika nchi tajiri walikuwa wakifa kwa moyo katika miaka ya ujana. Damu iliwavusha utotoni, na chuma cha damu hiyo kikawaua. Wagonjwa wa selimundu hawafuati njia hiyo kwa kasi ile ile. Hawatiwi damu kila mwezi, na sehemu kidogo ya chuma huwatoka katika mkojo. Hata hivyo ini lao halisameheki, na mzigo huongezeka kila wanapolazwa.

Hapo ndipo desturi ya kutibu bila kumbukumbu inapokuwa na gharama. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Ya selimundu huishi kati ya 10 na 20. Kwa sababu hiyo mtoto wa selimundu akiwa mzima kabisa, anacheza mpira na kusoma, huwa na himoglobini ya gramu 6 mpaka 9 tu kwa mililita 100, wakati mwenzake ana 11 au 12. Mwili wake umekwisha kuizoea. Tuseme mtoto huyo, ambaye kawaida yake ni 7, anashikwa na homa Mikumi usiku na kupimwa na tabibu asiyemfahamu. Kipimo kinasema 6.5. Tabibu anaona tarakimu inayotisha, mama naye anaomba damu, na mtoto anatiwa chupa asiyoihitaji. Baada ya miezi mitatu anaumwa mguu akiwa kwa bibi yake Kilosa mjini, zaidi ya kilomita 70 kutoka Mikumi. Anapimwa tena, anatiwa tena. Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Kila mmoja alitibu tarakimu iliyo mbele yake, na hakuna aliyekuwa na ile ya nyuma.

Kwamba damu yaweza kungojwa kwa uangalifu si jambo la kukisia. Utafiti uliofanywa katika hospitali tatu za Uganda (Mulago, Mbale na Soroti) na moja ya Blantyre, Malawi, na kutangazwa mwaka 2019, ulichunguza watoto zaidi ya 3,000 wenye upungufu mkali wa damu. Wale wenye himoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari waligawanywa: wengine wakatiwa damu mara moja, wengine wakaangaliwa kwa karibu na kutiwa tu pale hali ilipozidi kuwa mbaya. Vifo havikutofautiana kati ya makundi hayo, na karibu nusu ya waliongojwa hawakuhitaji damu kabisa. Sharti lake, lakini, ni kule kuangaliwa kwa karibu. Mtoto anayehema kwa shida, aliyepoteza fahamu, au ambaye himoglobini yake iko chini ya 4, hana muda wa kungoja. Huyo na atiwe damu upesi, na hesabu ya chuma ifuate baadaye. Hapana mzazi anayepaswa kuikataa chupa hiyo kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa katika makala.

Mlango wa pili wa chuma ni kidonge. Mtoto wa selimundu huhitaji foliki asidi, kwa kuwa uboho wake hufanya kazi maradufu. Kidonge kilicho tele katika zahanati nyingi, hata hivyo, ni kile cha akina mama wajawazito, ambamo foliki asidi imechanganywa na chuma kipatacho miligramu 60. Mtoto aliyeandikiwa foliki asidi akipewa kidonge hicho kwa kuwa ndicho kilichopo, hulishwa chuma kila siku kwa miaka, na mama yake hufurahi kwa vile kinaitwa cha kuongeza damu. Kuagiza foliki asidi iliyo peke yake ni jambo dogo na la bei ndogo. Wanaoandaa orodha ya dawa za wilaya wangeweza kulimaliza katika kikao kimoja.

Kisiwa cha Pemba kimewafundisha wataalamu wa dunia nzima kuhusu kidonge hicho. Watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwani humo walishirikishwa katika jaribio la kuwapa chuma na foliki asidi kila siku ili kupunguza upungufu wa damu na kuwakinga na maradhi. Agosti 2003 sehemu ya jaribio iliyohusu chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopewa chuma walikuwa wakilazwa na kufa zaidi ya wenzao. Hatari yao ya kuugua sana au kufa ilizidi kwa asilimia 12, kama ilivyotangazwa mwaka 2006. Vijidudu vya malaria navyo vinahitaji chuma. Ajabu ni kwamba katika kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu zaidi, na ambalo malaria yake ilitibiwa vizuri, watoto waliokuwa wamepungukiwa na chuma kweli walifaidika. Kidonge kile kile kilimfaa mmoja kikamdhuru mwingine, na kilichowatenganisha hakikuonekana kwa macho katika viganja vyao.

Isidhaniwe basi kwamba chuma ni adui. Wanawake wajawazito na wasichana wanaoingia hedhini wanakihitaji, na hata mtoto wa selimundu ambaye hajawahi kutiwa damu aweza kupungukiwa nacho. Katika jambo hili hata kikombe cha chai kina pande mbili. Chai ya rangi inywewayo pamoja na chakula huzuia utumbo kufyonza chuma. Yamfaa mtoto wa thalasemia aliyejaa chuma, na yamharibia mwanafunzi wa bweni ambaye chuma chake chote kinatoka katika maharage. Wazazi wengi wakisikia habari za chuma kilichozidi hukimbilia kumkataza mtoto mchicha na nyama. Wanajisumbua bure. Chakula cha kutwa humpa mtoto miligramu moja au hata chini ya hapo baada ya kufyonzwa. Chupa moja humpa 177.

Dawa za kuondoa chuma zipo, na haitakuwa haki kuzipita kimya. Ya kwanza, desferioksamini, ilianza kutumika katika miaka ya 1960. Hutiwa chini ya ngozi kwa pampu ndogo kwa saa 8 hadi 12, usiku tano au zaidi katika kila wiki, miaka yote. Kuiagiza katika nyumba ya kijijini isiyo na pampu, sindano safi wala jokofu ni kuandika jina la dawa tu. Baadaye zikaja za kumeza: deferiproni, inayodai hesabu ya chembe nyeupe mara kwa mara kwa kuwa yaweza kuzifuta ghafula, na deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, inayomezwa mara moja kwa siku lakini huhitaji figo na ini vichunguzwe. Hii ya mwisho sasa hutengenezwa na viwanda vingi na bei yake imeshuka. Mtoto wa thalasemia kubwa hana njia nyingine, na serikali inayompa damu bila kumpa dawa hiyo imemfanyia nusu ya kazi. Mahali pake panapofaa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, yenye maabara ya kuisimamia. Kuigawa zahanatini bila vipimo kungekuwa kubadilisha hatari moja kwa nyingine.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni anasa. Wilaya inayopambana na malaria, uzazi wenye hatari na majeruhi wa barabara kuu, wote wakidai damu ile ile, yawezaje kukaa chini kuhesabu miligramu za chuma kwa watoto wachache? Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo inayofanya madai ya mitambo ya kupiga picha za ini yasikike kama ndoto. Lakini inapotea mahali pamoja: damu inapokuwa haba, ndipo kila chupa asiyoihitaji mtoto mmoja inapokuwa imenyang'anywa kwa mama anayejifungua. Anayehesabu chuma huhesabu chupa, na anayehesabu chupa huziokoa.

Hata kipimo cha maabara kinachotegemewa mijini, yaani feritini, kina udhaifu wake katika nchi ya malaria. Feritini ni protini inayohifadhi chuma, na kiwango chake katika damu hupanda chuma kinapozidi. Kikipita mikrogramu 1,000 kwa lita, wataalamu hushtuka. Lakini hupanda pia mtu akiwa na homa yoyote kali. Mtoto wa Kilosa aliyepimwa akiwa na malaria aweza kuonekana amejaa chuma ilhali hana. Idadi ya mililita alizotiwa tangu kuzaliwa haipandishwi na homa. Ni nadra kwa kipimo cha maskini kuwa na sifa ambayo kile cha tajiri hakina, na hapa ndivyo ilivyo.

Kupunguza haja ya damu ni bora kuliko kuihesabu. Mwaka 2004 Muhimbili ilianzisha mpango wa kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu, ukiongozwa na Julie Makani, na maelfu ya wagonjwa wamepitia humo. Nchini Kenya, Uganda, Kongo na Angola watoto 606 walipewa haidroksiurea kila siku. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ikapungua, haja ya kutiwa damu ikapungua na vifo pia. Kidonge hicho, kwa kumpunguzia mtoto chupa, ni kinga dhidi ya chuma pia. Vipimo vya haraka vinavyotambua selimundu kwa tone moja la damu, bila umeme, navyo vipo. Mikumi iko kilomita 300 hivi kutoka Dar es Salaam. Si lazima mtoto asafiri mwendo huo ili ajulikane ana nini, ikiwa tone la damu laweza kupimwa pale pale anapopatiwa chanjo.

Linabaki daftari. Wagonjwa wengi Tanzania huenda hospitali na daftari la shule, la kurasa 40 au 80, ambamo tabibu huandika. Likijaa hununuliwa jingine, na la zamani hupotea au huwashiwa moto jikoni. Kilosa, ambayo mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Mkondoa yalizikumba nyumba zake na kuwaacha maelfu bila makazi, inajua zaidi ya wilaya nyingi jinsi karatasi isivyo na maisha marefu. Kwa mtoto mwenye selimundu au thalasemia inatakiwa kadi ngumu moja, iliyofunikwa kwa plastiki, na nakala yake katika rejesta ya hospitali anakotiwa damu. Haihitaji mengi: jina la ugonjwa, himoglobini yake anapokuwa mzima, kisha mistari ya tarehe, himoglobini kabla ya kutiwa, mililita alizotiwa, na sababu. Mwalimu wa darasa aweza kutunza nakala ya tatu, hasa kwa wanafunzi wa bweni, kwa idhini ya wazazi na kwa siri inayostahili, maana ndiye atakayempeleka usiku wa manane.

Sehemu ya juu ya kadi hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwamba mtoto huyu asipewe vidonge vya chuma mpaka apimwe, na kwamba foliki asidi yake ni ile isiyochanganywa. Chini, katika mstari wa kumi, uchapwe wino mwekundu. Mtoto ambaye kadi yake imefika hapo apelekwe Morogoro akiwa hana homa, na kadi mkononi, apimwe feritini na ini.